Kumtafuta babu katika madaftari ya jeshi na ya ubatizo

KATIKA kijiji cha Kiegei, wilayani Nachingwea, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Mkoa wa Lindi hadi upande wa Ruangwa, si ajabu kuukuta ukoo wenye mzee mmoja anayetajwa kwa sentensi moja tu: alichukuliwa vitani, hakurudi. Jina lake linakumbukwa, au angalau moja kati ya majina yake. Vita vyenyewe havijulikani vizuri. Wengine husema ni vita vya Mjerumani, wengine husema mzee alikwenda Keya, na wajukuu waliozaliwa Dar es Salaam hawana hakika kama kinachozungumzwa ni mwaka 1914 au 1939.

Kwa muda mrefu imeaminika kwamba habari za mababu wa Kusini zimo vinywani mwa wazee peke yao, na kwamba mzee akifa zinakwenda naye kaburini. Imani hiyo ni nusu ya ukweli. Karatasi zipo, na kwa eneo lililopita katika biashara ya utumwa, Vita vya Maji Maji na vita viwili vya dunia, zipo nyingi kuliko inavyodhaniwa. Zimetawanyika tu: nyingine ziko Dar es Salaam, nyingine Ndanda na Masasi, nyingine Nairobi, London, Oxford na Berlin. Nyingi kati ya zile zinazomtaja mtu wa kawaida kwa jina ziliandikwa na aina mbili za watu, yaani makarani wa jeshi na mapadri.

Makundi hayo mawili hayakuandika jambo lile lile. Karani wa jeshi alimwandika mwanamume: namba yake, cheo chake, kikosi chake, na siku aliyokufa au kuachishwa kazi. Padri alimwandika mtoto na wazazi wake wote wawili. Tofauti hii ingekuwa ndogo mahali pengine, lakini kwa Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde si ndogo hata kidogo, kwa sababu kwao ukoo ulifuata upande wa mama na mwenye kauli juu ya watoto alikuwa mjomba. Mtu aliyelipata jalada la jeshi la babu yake amempata babu, lakini ukoo bado hajaupata.

Kabla ya kufungua jalada lolote, mtafutaji hana budi kulimaliza suala la majina, maana hapo ndipo safari nyingi hukwama. Mtanzania wa kawaida hana jina la ukoo lililoganda; jina lake la pili ni jina la baba, na la tatu ni la babu. Saidi mwana wa Ali humzaa Hamisi Saidi, naye humzaa Juma Hamisi, na katika vizazi vitatu hakuna jina hata moja la pili linalofanana na jingine. Zaidi ya hayo, kijana wa Kimakua au wa Kiyao aliyetoka jandoni alipewa jina jipya, na kumwita kwa jina la utotoni lilikuwa tusi. Akabatizwa akapata la tatu. Akaandikishwa jeshini, na huko akatoa jina alilopenda, au la Kiislamu alilolichukua njiani, au karani akamwandika kwa jina la kijiji chake. Mtu mmoja aweza kuwa na majina manne katika karatasi nne, yote ya kweli.

Halafu kuna tahajia. Mjerumani aliandika Kiswahili kwa masikio ya Kijerumani, hivyo Chiwata ikawa Tschiwata, Masasi ikawa Massassi, na Juma anaweza kuwa Dschuma. Anayetafuta jina linaloanza na J chini ya herufi J katika orodha ya Kijerumani atarudi mikono mitupu, huku babu yake ameketi kwenye herufi D. Herufi J ya Kijerumani nayo husomwa kama Y yetu, kwa hiyo Wayao huandikwa kwa J. Makarani wa Kiingereza waliandika vizuri zaidi, ila karani aliyetoka sehemu nyingine angeweza kuchanganya L na R, na Malunda akawa Marunda.

Vyeo pia hupotosha. Jeshi la Wajerumani lilirithi vyeo vya Kituruki kupitia kwa askari Wasudani walioandikishwa tangu mwaka 1889: ombasha, shaushi, sol, efendi. Ukoo unaosema babu yao aliitwa Shaushi huenda umehifadhi cheo chake na kulisahau jina lake. Hilo si hasara, kwani cheo kinaonyesha ni jeshi gani la kuanzia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipita katika mashamba ya watu wa Nachingwea na Ruangwa. Oktoba 1917 majeshi ya Waingereza yaliiteka Ruponda, iliyokuwa ghala kubwa la chakula la Wajerumani, na siku chache baadaye, kati ya tarehe 15 na 18 ya mwezi huo huo, yakapiganwa mapigano ya Mahiwa karibu na misheni ya Nyangao. Upande wa Waingereza, ambao safu zake zilijaa Wanijeria na askari wa King's African Rifles, ulipoteza watu wapatao 2,700 kati ya takriban 4,900. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipoteza wachache zaidi, lakini asingeweza kuwapata wengine wa kuziba pengo. Tarehe 25 Novemba alivuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na alipoweka silaha chini huko Abercorn mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa amebaki na askari Waafrika wapatao 1,150.

Je, askari hawa waliandikwa? Waliandikwa, na wenye vyeti walivitunza. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai, inasimuliwa kwamba wazee waliokuja bila vyeti walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani kuushika kama bunduki, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameisahau amri. Kumbukumbu za jeshi lenyewe zilikuwa na bahati mbaya zaidi. Hazina kuu ya nyaraka za jeshi huko Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945, na kilichosalia ni hasa majalada ya Wizara ya Makoloni, ambayo leo yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani mjini Berlin na sehemu kubwa yake husomwa kwa intaneti. Mengine ya utawala wa Kijerumani yamo Dar es Salaam, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hayo yana mambo ya maakida, majumbe, kodi na kesi, na mara chache sana orodha za askari. Lakini jumbe wa kijiji akipatikana, wajomba wa kijiji nao huanza kuonekana.

Jambo ambalo familia nyingi hazilijui ni kwamba mtu mmoja aliweza kuzitumikia pande zote mbili. Mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR, na wengi wa askari wake wa kwanza walikuwa mateka waliotoka katika jeshi la Wajerumani. Wazee wawili wanapobishana, mmoja akisema babu alikuwa wa Mjerumani na mwingine akisema alikuwa wa Mwingereza, huenda wote wawili wanasema kweli.

Kwa aliyekuwa KAR katika vita hivyo, kitu cha kwanza cha kutafuta kimo sandukuni nyumbani. Nishani za Uingereza za Vita ya Kwanza zilichongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha aliyepewa. Herufi ni ndogo na huzibwa na kutu, hivyo nishani isisuguliwe kwa mchanga kama sufuria. Kitambaa laini na mwanga wa pembeni vinatosha. Nishani za Vita ya Pili, kwa upande wa Waingereza, zilitolewa bila jina, na nyota ya shaba ya Burma haiwezi kusema ilikuwa ya nani.

Mpagazi, ambaye kwa hesabu ndiye babu wa watu wengi zaidi, ndiye aliyeandikwa kidogo kuliko wote. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza, na sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya jiji iliwekwa kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita hivyo. Haina jina la mtu hata mmoja. Aprili 2021 kamati iliyoundwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliofia upande wa Waingereza, wengi wao Waafrika wa Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Mara nyingi orodha za majina hazikuwahi kukabidhiwa, au zilikabidhiwa na ikaamuliwa kuwa hazina haja ya kuchongwa popote. Kwa familia ya Kiegei ambayo mzee wake alibeba mzigo kutoka Lindi akafa kwa kuhara damu njiani, jibu la jeshi huishia hapo, na ni haki familia ilijue mapema kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli ya kwenda kuuliza.

Vita ya Pili ni rahisi zaidi. Zaidi ya watu 80,000 kutoka Tanganyika walitumikia, wakapelekwa Somalia, Uhabeshi, Madagaska mwaka 1942, kisha Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua za masika ya huko. Waliokufa wameandikwa mmoja mmoja, na orodha ya Tume ya Makaburi hutafutwa bure kwa intaneti kwa kutumia jina, kikosi au namba. Mara nyingine kuna mstari wa nyongeza unaotaja baba wa marehemu na mahali alipotoka. Wasio na kaburi majina yao yamo katika minara ya ukumbusho, ukiwamo ule wa Rangoon ulioko Taukkyan na ule wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi. Wengi wa askari wa mizinga waliozama na meli Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ilipopigwa na nyambizi ya Kijapani ikitoka Mombasa kwenda Colombo, hawakuwa na kaburi jingine ila bahari. Watu karibu 1,300 walikufa siku hiyo.

Waliorudi salama ndio wagumu kupatikana, kwa kuwa majalada yao binafsi hayakuwekwa wazi kwa umma. Mwaka 2025 Tume hiyo ilieleza kuwa majalada ya askari wa KAR yaliyokuwa yakitunzwa na jeshi la Kenya jijini Nairobi yanafanyiwa kazi, na majina yasiyojulikana hapo awali yameanza kuonekana. Familia yenye kitabu cha kuachishwa jeshi ikitunze mahali pakavu, kwani namba iliyomo ina thamani kuliko jina.

Mtafutaji ajihadhari pia na anwani. Askari wa mwaka 1943 aliyeandikwa kuwa ni mtu wa "Lindi" aweza kuwa ametoka popote kati ya Bahari ya Hindi na Liwale. Vijiji vya Ruangwa vilikuwa chini ya wilaya nyingine kabla Ruangwa haijawa wilaya, na Mkoa wa Lindi wenyewe ulizaliwa mwaka 1971 tu. Wangindo wa Liwale walihamishwa kwa maelfu katika miaka ya 1940 ili kupisha wanyama wa Selous, na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikamaliza yaliyobaki. Kijiji kilichoandikwa katika karatasi huenda leo ni pori lenye miembe, na miembe hiyo ndiyo ushahidi.

Karatasi za misheni zina sura nyingine kabisa. Waanglikana wa UMCA walifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Hao hawakuwa na ukoo wa jirani wa kuwakumbuka, na kwa wajukuu wao maandishi ya misheni ndiyo mwanzo wa kila kitu. Mmoja wa watoto wa aina hiyo, Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo, alipewa upadri mwaka 1890 na kufanya kazi Chitangali kwa chifu Barnaba Nakaam. Nyaraka nyingi za UMCA zimo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford, lakini madaftari ya ubatizo ni mali ya makanisa, na anayeyahitaji huanzia Dayosisi ya Masasi, iliyoundwa mwaka 1926.

Wabenediktini kutoka St. Ottilien walianza Lukuledi mwaka 1895, wakafuatia Nyangao. Agosti 1905 Maji Maji ilizichoma misheni zote mbili, na mwaka uliofuata kituo kikuu kikahamia Ndanda. Anayemtafuta mtu aliyebatizwa kabla ya hapo ajue moto huo ulipita.

Daftari la ubatizo la Kikatoliki lina safu chache zilizonyooka: namba, jina, siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, baba, mama, msimamizi, padri. Kabla ya miaka ya 1960 yaliandikwa kwa Kilatini, na Yosefu huonekana kama Josephus, au Josephi pale anapotajwa kama baba wa mtu. Siku ya kuzaliwa ya mtu mzima ni ya kukisia. Mama asiyebatizwa mara nyingi ameachwa na jina lake la nyumbani, na hilo ndilo jina la dhahabu, kwa kuwa bibi mzee akilisikia ataweza kusema mara moja ni mtu wa ukoo gani. Pembeni mwa mstari kuna nafasi ya maelezo yaliyoongezwa baadaye. Mkatoliki akifunga ndoa parokia nyingine, parokia ile hupaswa kupeleka taarifa alikobatizwa ili iandikwe hapo. Maneno matatu ya pembeni yaliyoandikwa kwa wino tofauti yanaweza kumwonyesha mtafutaji kwamba dada wa babu yake aliolewa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na kwamba kuna tawi zima la ukoo ambalo halijawahi kuja matangani.

Parokia mpya inapomegwa, madaftari ya zamani hubaki kwa parokia mama. Mtu wa Kiegei asiishie kanisa lililo jirani. Wazee wake huenda walibatizwa Lukuledi, Ndanda au Nyangao. Majimbo nayo yamebadilika: eneo hili lilikuwa chini ya Abasia ya Ndanda, mwaka 1963 likawa Jimbo la Nachingwea, na mwaka 1986 jina likawa Jimbo la Lindi.

Wenyeji wengi wa eneo hilo ni Waislamu, na kwao daftari la ubatizo laweza kuonekana halina maana. Si hivyo mara zote. Ndugu wa tumbo moja waligawanyika dini, na mtoto wa dada aliyesoma shule ya misheni aweza kuwa ndiye mstari pekee unaomtaja bibi wa wote. Nje ya hapo hubaki hati za nikaha zilizotunzwa na familia, vitabu vya wilaya vya enzi ya Mwingereza vilivyoandika habari za majumbe na koo zao, na watani. Mtani wa kweli, anayekuja msibani kutukana marehemu na kudai fidia, huijua nasaba ya mtani wake kuliko wenyewe. Kwa Wayao, unga unapomwagwa chini ya mti wa msolo majina ya waliotangulia hutajwa kwa sauti, na mwenye kalamu aliyealikwa asikose kusikiliza.

Waayalandi, ambao leo hufuatilia nasaba kwa bidii kubwa, walipita njia inayofanana na hii. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu mjini Dublin lililipuka na kuungua, likateketeza sensa za zamani na mamia ya madaftari ya Kanisa la Kianglikana yaliyokuwa yamekusanywa humo kwa ajili ya usalama. Madaftari ya Wakatoliki yalipona kwa sababu hayakuwa humo. Yalikuwa kwenye makabati ya maparoko vijijini. Baadaye yalipigwa picha, na tangu Julai 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi imeyaweka kwenye intaneti bure. Sehemu nyingine waliipata London, katika majalada ya pensheni ya Waayalandi waliotumikia jeshi la Uingereza, ambamo kijiji cha kuzaliwa kiliandikwa. Jeshi la mtawala likawasaidia kupata kijiji, na padri akawasaidia kupata mama.

Kusini mwa Tanzania madaftari bado yako kabatini, na adui yake si mabomu bali mchwa, unyevu na mikono inayofungua kurasa kwa mate. Mtafutaji anayekwenda parokiani aandike barua kwanza, ataje jina la ubatizo, mwaka wa kukisia na majina ya wazazi wote wawili kama anayo. Asitarajie kuachiwa kitabu wala kukipiga picha bila ruhusa. Mna siri za watu walio hai, na paroko ana haki ya kukataa. Katekista mzee ampitie kabla ya kumwona paroko, kwa kuwa mara nyingi ndiye ajuaye kitabu kipi kimefungiwa wapi.

Na kabla ya barua, aende kwa bibi. Aulize mama wa aliyekwenda vitani aliitwa nani, dada zake walikuwa wangapi, nani alipokea fedha zilizotumwa bomani askari alipokuwa Burma. Fedha hizo zilizua ugomvi kati ya mke na mpwa katika nyumba nyingi, na ugomvi wa aina hiyo hukumbukwa na majina yote, pamoja na siku ya soko uliyotokea.